Shahidi wa Bulle

Mwalimu Osob akiingia ofisi ya walimu hutupa mkoba mezani kwanza, kisha mwili wake kitini, na kwa muda hatuamkiani. Nimeshazoea. Tumekaa meza moja miaka sita katika shule hii ya binafsi hapa Garissa, ukitoa ile miezi aliyokuwa ng'ambo. Yeye Kiingereza, mimi Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Masalani, joto nalijua tangu nikibebwa mgongoni. Uchovu wa Osob si wa joto.

Kinachomchosha ni wageni. Haipiti wiki bila kijana aliyemaliza chuo kuja na simu mkononi, amefungua barua ya kazi: shule fulani huko Thailand au Vietnam yatafuta mwalimu wa Kiingereza, nyumba bure, tiketi ya ndege bure. Mimi hawaniulizi kitu. Asia yote haijapata kumhitaji mwalimu wa Kiswahili hata mmoja, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wanamtaka Osob, kwa sababu Osob alifika. Naye huwajibu wote vilevile: alikwenda Thailand, akafundisha, mkataba ukaisha, akarudi. Wao hushukuru na kuondoka na furaha zao.

Ulikuwa uongo, nami nilijua. Ukweli aliniambia siku moja ya Ramadhani tukisahihisha mitihani, bila hata kuinua macho kwenye karatasi. Aliyempeleka ni Bulle, wakala wa kazi za nje na mtu wa ukoo wake. Bulle alikwenda nyumbani kwa baba yake Osob, akaketi mkekani, akataja majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine mpaka kizazi cha saba, pale ukoo wake unapokutana na wa kina Osob. Baada ya hapo nani angethubutu kumdai mkataba? Huku kwao Wasomali, kumwomba karatasi mtu wa damu yako ni kumwita mwizi mbele ya watu. Osob aliuliza jambo moja tu, habari ya visa. Bulle akasema ataingia na visa ya utalii, ya kazi itafuata akishafika.

Haikufuata. Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la pikipiki. Mwenye shule aliichukua pasipoti yake siku ya kwanza, eti aipeleke ofisini, na visa ilipoisha akamwambia aendelee tu kufundisha. Maofisa wa uhamiaji walikuja asubuhi, darasa likiendelea, wakamtoa mbele ya watoto. Alikaa korokoroni siku kumi na tisa, akapandishwa ndege, akapigwa marufuku kurudi nchi ile.

Baba yake alitaka kwenda polisi. Wazee wakamzuia. Huku watu wa nyumba moja wakidhulumiana, wazee huketi, husikiliza pande zote, hutoza fidia, ngamia huchinjwa, fatiha husomwa, na kesi imekufa. Wenyewe huita maslaha. Sina neno nayo. Nimeona ikizuia damu kumwagika. Lakini maslaha ya Osob ilikuwa na sharti: jambo lile lisitajwe tena, na Osob akilitaja atakuwa amemuumbua baba yake, aliyewapa wazee mkono. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Aliambiwa jioni, nyama ikiwa imeshaliwa.

Ndivyo tulivyoishi, mpaka Alhamisi moja muhula uliopita, baada ya sala ya adhuhuri, Hamdi alipoingia.

Hamdi tulimfundisha sisi, ingawa p yake ya Kiswahili mpaka leo humtoka b. Sasa ana digrii yake na hana kazi. Kupata pasipoti kulimchukua miaka miwili. Kamati ya wazee ilimhoji mpaka kuhusu kisima alichonyweshea mifugo babu yake kule Buna, kuhakikisha kwamba yeye ni Mkenya kweli. Pasipoti yenyewe aliishika ndani ya mfuko wa plastiki, kwa mikono miwili.

"Mwalimu, Adeer Bulle anasema kazi iko tayari. Shule iko Bangkok. Anataka nimbatie basiboti kesho, abeleke Nairobi. Visa ya kazi nitafanyiwa huko huko." Adeer ni baba mdogo; ndivyo vijana wao humwita kila mwanamume mzima wa ukoo.

"Nani mwingine amekwambia hiyo kazi iko?" Osob aliuliza.

"Ni yeye tu. Lakini ameniambia kama niko na wasiwasi nikuulize wewe. Anaambia watu wote hivyo. Ulizeni Mwalimu Osob, mimi ndio nilimbeleka, hajawahi kulalamika."

Osob hakulijua hilo. Nilimwona akilijua pale pale. Miaka mitatu alidhani amenyamaza kwa ajili ya baba yake, kumbe Bulle alikuwa akiutembeza ukimya wake mji mzima, anauonyesha kama cheti. Nilishikwa na hasira, nikafungua mdomo niseme mimi. Osob akaniinulia mkono.

"Hamdi, funga mlango."

Kisha akamsimulia yote, tangu duka la pikipiki hadi korokoroni. Wale wawili wakianza habari ndefu huhamia Kisomali, lakini siku ile alibaki kwenye Kiswahili, nadhani makusudi, ili nisikie kila neno na yeye asiweze kukana kesho. Alijua kwamba Hamdi angesimulia kwao, na kabla ya usiku wazee wangekuwa wameshampigia baba yake simu. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisema kama mtu anayetua mzigo aliokwisha kuchoka hata kuulalamikia.

Alipomaliza, ualimu ukamrudia. "Shule inayokutaka kweli ina jina lake na simu yake, na wewe unapiga mwenyewe, unaomba kuongea na mwalimu mgeni anayefundisha pale. Inakutumia mkataba, inakutumia barua, na hiyo barua unaipeleka ubalozini kwa mkono wako. Visa ya kazi unaishika kabla hujapanda ndege. Mtu akikwambia itafuata, jua hakuna. Na pasipoti yako humpi mtu akushikie. Awe adeer, awe nani. Hata mimi usinipe."

Hamdi aliurudisha mfuko ndani ya mkoba wake, akafunga zipu. Nikashusha pumzi. Nilifikiri yameisha.

"Filsan alikuja kwako mwaka jana," akasema.

Filsan ni binti wa mama mdogo wa Hamdi. Nilimkumbuka mara moja: msichana mwembamba, mcheshi, alituletea tende. Aliketi kiti kile kile.

"Alikuja," Osob akajibu.

"Alikuuliza kuhusu Bulle?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini, Mwalimu?"

"Nilimwambia ni mtu wetu."

Na mimi nilikuwepo. Niseme basi, kwa kuwa nasema ya wengine. Nilikuwa nimeketi hapa hapa, sina maslaha iliyonifunga, sina mzee wa kumwogopa, na niliendelea kusahihisha insha zangu kwa sababu niliona mambo ya Wasomali ni ya Wasomali. Naona aibu nikiandika haya.

"Tangu mwezi wa tatu simu yake haiingii," Hamdi alisema. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililouma. "Bulle anasema amehamishwa shule, huko network ni mbaya. Mama yake anaamini."

Osob akamwomba namba ya mama yake Filsan. Hamdi akaitaja, naye akaibonyeza pale pale, tarakimu moja moja, akaiweka simu mezani katikati yetu na kufungua spika. Nimekaa Garissa muda wa kutosha. Kisomali sikisemi vizuri, lakini nakisikia.

"Eeddo, ni mimi Osob, mwalimu," alianza, kwa ile heshima wanayompa shangazi. "Nimekupigia kwa ajili ya Filsan. Kuna jambo nili..."

Mama wa watu hakumngoja amalize. Tulisikia akiwaita wenzake waje wasikie, sufuria ikianguka, kisha pumzi yake karibu kabisa na simu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umempata?"