Avokado Niliyowapashia Wakwe

Ule mwaka tuliokula avokado na ugali, avokado na omena, avokado na chai, mpaka mbwa wa mtaa wetu wa Nyalenda ukimtupia moja anakuangalia kama umemtukana, ndio mwaka nilioaibika mbele ya wakwe, na kwa vile mmekuwa mkinong'ona (nawajua), heri niwasimulie mwenyewe.

Mjukuu wangu Achieng', huyu anayesoma Maseno, aliona zinaoza kwa beseni akaniambia mimi nyanya yake, "Dani, tuzigandishe." Nikamcheka. Barafu ni ya samaki, nikamwambia. Yeye akaziponda na kitunguu, dhania na maji ya limau (anaita gwakamole, mdomo wangu haufiki huko), akatia kwa pakiti, akazikanda kutoa hewa kama anayekanda tumbo la mtoto, akafungia kwa friza yangu. Msimu ukaisha, sokoni hakuna avokado hata ya kuonja, ndipo akatoa pakiti moja ikayeyuka polepole, tukafungua. Jamani! Kijani kama mpunga wa Ahero! Mimi nimezaa, nimezika, nimeona magugu yakifunika ziwa mpaka maji hayaonekani, lakini tunda lilale kwa barafu miezi yote hiyo liamke bichi? Nilikaa chini. Mungu ana mambo.

Basi wakwe wakatuma neno: mama ya kijana anayemposa Achieng', na shangazi za huyo kijana, wanakuja kuona nyumba msichana anakotoka. Kwetu mkwe hasemi chakula ni kibaya. Anakula, anashukuru, hukumu anaenda kuitoa kwao. Nikataka washangae kama nilivyoshangaa mimi. Achieng' akaniambia, "Dani, utoe pakiti mapema." Nikasahau. Wageni wako mlangoni, kitu iko ngumu kama mawe ya Kit Mikayi, nikaamua jambo dogo tu: sufuria, moto. Nani hapashi chakula?

Ikayeyuka vizuri, kisha ikageuka rangi kama matope ya ufuoni. Nikaongeza chumvi, nikapeleka (kiburi hakina macho).

Mama ya kijana akachota tonge kubwa. Taya likasimama. Nikaonja yangu. Chungu! Chungu kama mwarubaini, kama nyongo ya samaki imepasuka ndani ya mchuzi! Tunda ambalo barafu ilishindwa kuliharibu, moto kidogo tu umeligeuza dawa. Achieng' akaniangalia, machozi yamejaa, maana ndoa yake ilikuwa kwa hiyo sahani.

Yule mama akameza. Akachota tena. Akala mpaka maua ya sahani yakaonekana, na shangazi walipomwona wakainamisha vichwa, nao wakala. Nilimtazama kama mtu anayetazama muujiza. Akanawa, akanigeukia.

"Mama, hata malaria ya mwaka jana imetoka."

Shangazi mmoja akaangua kicheko. "Tumeshatibiwa, sasa tupeni msichana!"

Tukawapa (ng'ombe walifuata, msidhani ni bure).

Tangu hapo huyo mama ananichokoza mbele ya watu. "Mama, si utupashie ile kijani kidogo?" Namwambia itayeyuka yenyewe, hata kama mtalala njaa mkiingoja. "Sipashi. Aje askofu, aje gavana, sipashi."

Juzi huyo mama amenipigia simu, Achieng' amejifungua salama, mtoto ni msichana, amepewa jina langu. Nikalia, nikacheka. Akasubiri nitulie.

"Na siku ya ubatizo, Mama, si utatupashia?"

"Sipashi. Aje askofu, aje gavana, sipashi."