Tembo Tamu la Kupelekwa Kwale

Nimesikia kwamba vijana wa nyumba hii mnataka kukodi gari na kuliendesha wenyewe kutoka Diani hadi Msambweni, mwone mashamba ya minazi na kuonja tembo kwa wagema. Haya. Kabla hamjaondoka, mjukuu wangu, andika safari yangu ya miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mjue jinsi safari fupi inavyoharibiwa na mpangaji wake.

Sababu ya kuondoka ilikuwa kaka zangu wawili. Bakari, mkubwa, alikaa Kwale. Suleimani, mdogo wake, alikaa nasi Munje. Suleimani aling'oa sehemu ya minazi aliyoipanda marehemu baba yetu, akatia mikorosho, na tangu hapo hawakupeana hata salamu. Sasa Bakari alikuwa akijiandaa kwenda Hijja. Mtu ataikabilije Makka ilhali hasemi na nduguye wa tumbo moja? Baba alituusia kwamba wanawe wakigombana, wapatane kwa kunywea kata moja ya kifuu tembo la minazi yake, lililogemwa alfajiri ile ile, lingali tamu. Jua likishapanda tembo hugeuka kali, likalevya, na Bakari, mtu wa msikitini, hangelitia kinywani.

Mwenye gari la kutupeleka, mimi na Suleimani, alikuwa Rashidi, mtoto wa Bakari aliyelelewa na Suleimani. Kazi yake ilikuwa kuwapangia matembezi wageni wa hoteli moja huko Diani.

"Shangazi, mipango niachie mimi," aliniambia. "Jua halitakuwa limepata nguvu, nasi tuko Kwale."

Munje, alfajiri, mgema alishuka na tembo, akalitia katika kibuyu kipya nilichokisuuza kwa maji ya moto, kwa kuwa mashapo ya zamani hulichachua upesi.

"Mama, msikae njiani," alisema.

"Tukae tuna nini? Tuna gari," akadakia Rashidi.

Msambweni hatukuwa na haja ya kusimama. Rashidi alisimama mbele ya maduka, akapiga honi mpaka rafiki zake wote wakatoka kulitazama gari. Nilikipakata kibuyu kisipigwe na jua.

Ukunda, badala ya kushika njia ya Kwale, alikata kuelekea baharini. "Mara moja tu, shangazi. Safari isiyopita Diani si safari."

Diani alishuka, akawa analizunguka gari na kulifuta vumbi kwa leso. Mlinzi wa hoteli akaja dirishani.

"Shikamoo, mama. Humo kibuyuni si tembo? Nionjeshe kidogo."

"Marahaba. Hili lina wenyewe."

Suleimani, aliyeketi kiti cha nyuma, aliitazama bahari, akauliza, "Hii ndiyo Kwale?" Rashidi akacheka, akadhani ni mzaha.

Tulipokuwa tukipanda mlima wa Kwale, povu lilikuwa limekwisha kukisukuma kizibo cha makumbi ya nazi, na harufu imejaa garini. 

Kwale tulimkuta Bakari barazani. Suleimani alikwenda kuketi mkeka wa mbali. Nikamimina. Bakari aliileta kata puani, akaiweka chini taratibu.

"Hili limekwisha kuwa kali."

Suleimani akaanza kutafuta viatu vyake. Nikaona wosia wa baba unamwagika mbele ya macho yangu. Na Rashidi, mpangaji wa safari, akasema, "Lakini baba, bahari ya Diani leo ilipendeza ajabu!"

Bakari akageuka, akamwambia nduguye neno la kwanza baada ya kununiana kote kule: "Ewe Suleimani, mtoto huyu ulimlea vipi?"

"Nilimlea vile vile ulivyonipa. Kasoro alikuja nayo."

"Alipotoka hapa alikuwa na akili."

"Basi aliisahau humu humu kwako. Munje haikufika."

Bakari alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na Suleimani akaiokota. Kisha wakamgeukia Rashidi, wakamkaripia kwa zamu, huyu akichoka, yule anapokea. Mke wa Bakari alilichukua tembo akaumulia unga wa vitumbua, akaiosha kata, akaleta maji ya mtungi. Wakaombana radhi, wakanywa.

Wakati wa kurudi Rashidi aliimba njia nzima. "Unaona, shangazi? Lingefika tamu, wangekunywa kimya kimya wakaachana vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyewapatanisha." Nikamwambia atazame barabara.

Nilijifunza kwamba apangaye safari hutazama kwanza alichobeba, ndipo atazame gari. Bakari alikwenda Makka akiwa na moyo mweupe, alhamdulillahi, akarudi salama. Rashidi naye amekuwa mzee, na katika kila arusi bado hujisifu kwamba aliwapatanisha baba zake. Wewe andika hapa, tena kwa wino usiofutika: alitupotezea tembo.