Mahameli Iliyolala Pande Mbili

Habari hii hamtaiamini, na atakayeiamini nitamshangaa, kwa sababu hata mimi niliyekuwepo kidogo huwa naitilia shaka nikijisikia ninavyoisimulia. Ni habari ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi wa kushona vitambaa vya masofa. Alimkomesha mwanamume mmoja kazini bila kumpiga, bila kumroga, na bila msaada wa mjomba wake. Hilo la mwisho ndilo gumu kumeza, maana mjomba mwenyewe ni mtu wa kutegemewa. Ana kifua kipana, amesoma darasa la sita mara mbili wakati wenzake walilipita mara moja tu, na akianza kuongea hata mbwa wa jirani hunyamaza asikilize. Mjomba huyo ndiye mimi ninayeandika. Lakini humu nitamwita mjomba tu, kwa kuwa mtu akisema mimi, mimi, watu humwona ana majivuno.

Karakanani mpwa wangu wanamwita Sindano, kwa sababu hupita pale ambapo wengine hukwama. Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, vumbi la mbao upande wa mlangoni, mabaki ya sponji upande wa ndani, na harufu ya gundi inayomfuata mtu hadi kitandani. Mlangoni anakaa Mzee Randa, anayeunda miguu na mbavu za masofa. Katikati kuna meza ndefu ya kukatia. Ukutani kabisa kuna cherehani kubwa, ile inayopita kwenye ngozi kama inapita kwenye mkate. Sindano aliisubiri cherehani hiyo muda mrefu. Alianza kwa kuchambua nyuzi, akashona foronya za mito hadi mgongo ukamuuma, mpaka bosi alipomwambia siku moja, kaa hapa. Ukimuuliza anataka nini duniani, hakutajii nyumba wala gari. Anataka asiondolewe kwenye kile kiti.

Sasa, kuvisha sofa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, kitambaa kikiwa kati yao. Huyu anasema "vuta," yule anajibu "nimeshika," ndipo pini ipigwe. Ukivuta kabla mwenzako hajashika, sofa linatoka limeinamisha bega kama mtu aliyebeba ndoo. Na mwenzake Sindano wa kuvutana alikuwa Bunduki.

Jina hilo alilipata kwa ile bunduki yake ya kupigilia pini kwenye mbao, ambayo aliifunga kiunoni kwa mkanda akatembea nayo kama ofisa. Hakuwa mwizi wala mlevi. Mikono yake ilikuwa hodari kazini, na shida ni kwamba kazi ilipokwisha mikono haikujua kupumzika. Alianza kwa mdomo. Mteja akija kuangalia sofa, Bunduki anapigapiga kiti, anamtupia jicho Sindano, anasema, "Hili tumelipima kwa fundi wetu yule, si unaona linavyokaa." Mteja anatabasamu bila kupenda. Mzee Randa anacheka. Sindano anainamia kitambaa chake.

Kisha ikaja mikono. Nyuma ya kiti cha Sindano palikuwa na njia ambayo ungepitisha sofa la watu watatu bila kugusa ukuta. Lakini Bunduki akipita peke yake, njia ilimbana, hadi lazima amshike mwenzake kiuno ndipo apite. Sindano akasogeza kiti mbele. Kadiri njia ilivyopanuka, ndivyo Bunduki alivyozidi kubanwa.

Wahenga hawakukosea, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku moja mkono ulifika kiunoni wakati mguu wa Sindano uko kwenye kanyagio. Akashtuka, mguu ukakandamiza, cherehani ikanguruma, na mshono uliokuwa umenyooka ukakata kona katikati ya ngozi ya watu. Sindano ya cherehani ilipita karibu na kidole chake kiasi cha kumkata ukucha. Akazima mashine, akageuka.

"Usiniguse tena."

"Ah, dada, utani tu. Mbona leo umeamka na makucha?"

"Mimi na wewe hatutaniani. Na hata tungekuwa tunataniana, utani ni wa mdomo. Mikono yako kaa nayo."

Mzee Randa akacheka. Sindano aliniambia baadaye kwamba mkono ule ulimuudhi, lakini kile kicheko ndicho alichorudi nacho nyumbani.

Jioni aliyasema yote mezani, mbele ya mama yake na mjomba wake. Mama yake akasema, "Kesho mwambie bosi wako."

"Mama, nusu ya masofa pale anavisha yeye. Bosi akilazimika kuchagua, unadhani atamtoa nani? Nitarudishwa kwenye foronya."

Mjomba akaweka kikombe chini taratibu, kama watu wazito wanavyoweka vikombe. "Niachieni mimi. Nina maneno mawili ya huyo kijana."

"Wewe," dada yake akamwambia, "maneno yako tangu lini yakawa mawili?"

"Mjomba, usije," akasema Sindano. "Nakuomba."

Mjomba akalichukua lile "nakuomba," hilo "usije" akaliacha mezani pamoja na vyombo.

Asubuhi akavaa koti, jua likiwa tayari linachoma mabati. Hotuba alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye kioo, na ilianza hivi: Kijana, mimi ni simba. Akaingia karakanani kwa mwendo wa mtu aliyetumwa na serikali. Kabla hajafungua kinywa, Bunduki akainama kwa adabu zote. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mjomba akaitika, na hapo hapo akajua ameumia. Ukishaitikia shikamoo ya mtu, kumfokea kunakuwa kazi ngumu, ni kama kumla kuku uliyempa jina. Akaona bora aketi kwanza, atishe akiwa amekaa, kiheshima. Palikuwa na sofa zuri pembeni, limefunikwa shuka. Mjomba akakunja koti, akajishusha kwa madaha.

Chini ya shuka hapakuwa na kiti. Palikuwa na mbao za pembeni tu. Mikanda na sponji vilikuwa bado. Mjomba akaenda moja kwa moja hadi sakafuni, magoti yakaja masikioni, miguu ikabaki juu inapunga hewa. Lakini mwanamume ni mwanamume. Kutoka mle ndani, kwa sauti iliyobanwa kidogo, akaanza, "Kijana, mimi ni simba."

"Simba kaingia mtegoni," akasema Mzee Randa.

Ikabidi avutwe. Bunduki akashika mkono huu, Sindano ule. "Vuta," akasema mmoja. "Nimeshika," akajibu mwingine, na mjomba akatoka kama kizibo. Bunduki akamfuta vumbi kwenye koti, akamletea maji ya kunywa, hata kiti kizima akamtafutia. Na mjomba wa watu, kiuno kikimuuma, akasema maneno ambayo hakuyafanyia mazoezi kwenye kioo chochote: "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akaondoka zake. Sindano alimtazama tu mjomba wake, na jicho lile, nawaambia, unaweza kukatia ngozi.

Kuanzia hapo Bunduki akaota mabawa. "Mjomba wako ameniombea dua," alikuwa akimwambia kila asubuhi. "Sisi sasa ni ndugu, dada yangu, usinikimbie." Sindano naye akachagua kunyamaza. Hakusema habari za asubuhi, hakusema "vuta." Alishona, akaweka mezani, akarudi kitini. Bunduki alipoona hajibiwi, akanuna pia, akatangaza kwa wenzake kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Wakawa wanavisha masofa kama watu wawili waliopewa chumba kimoja kwa makosa.

Hali hiyo ingeendelea sijui mpaka lini, lakini ikaja mahameli.

Mwanamke mmoja mwenye saluni kubwa aliagiza sofa la mahameli ya kijani. Mahameli si kitambaa cha kukurupukia. Ina manyoya, na manyoya yanalala upande mmoja. Ukiyapapasa yanakolala, kijani kinang'aa. Ukiyapapasa kinyume, kinakuwa cheusi cheusi. Kwa hiyo pale karakanani wana desturi yao: anayeishika mahameli kwanza huipapasa, huchora mshale wa chaki mgongoni mwake, kisha humwambia mwenzake kwa sauti, "inalala huku." Siku hiyo Sindano alikata maegemeo, akachora mishale yake, akanyamaza. Bunduki akakata viti na mikono, hakuuliza. Kila mmoja alipapasa kivyake.

Sofa lilipotolewa mlangoni kwenye mwanga, karakana nzima ikaacha kazi. Maegemeo yalikuwa ya kijani kibichi, viti vya kijani kilichofiwa. Mwenye saluni akalizunguka mara ya kwanza, akalizunguka tena, kisha akauliza kwa upole, "Huku mlivisha mchana na huku usiku?" Akaingia kwenye gari lake.

Bosi akatoka ofisini. Ni mwanamke wa makamo, futi ya kupimia haimtoki shingoni, na hapazi sauti, ndiyo maana wanamwogopa. "Nani hakusema inalala wapi?"

Bunduki akawahi. "Muulize huyu, bosi. Haongei. Nilimtania kidogo tu, akanuna, na sasa unaona kazi inavyoharibika. Mimi siwezi kuvisha sofa na mtu bubu. Ama yeye ama mimi."

Hapo ndipo kile kiti cha cherehani kilipoanza kuondoka, na Sindano akakiona kabisa kinavyoondoka. Alikuwa na njia mbili, aume ulimi aombe radhi, au aseme. Akasogea hadi kwenye meza ya kukatia.

"Maegemeo nimekata mimi," akasema. "Sikusema inalala wapi, na kosa hilo ni langu. Sasa niulize kwa nini siongei."

"Kwa nini huongei?"

Akasema. Hakuzungusha maneno. Akasema kuhusu njia isiyombana mtu mwingine yeyote, kuhusu maneno mbele ya wateja, kuhusu kiuno. Akainama chini ya meza, akatoa ile ngozi yenye mshono uliokata kona, akaitandaza. "Hapa ndipo aliponishika nikiwa nashona. Kidole changu kilikuwa hapa. Na walioona wamo humu."

Bosi akaitazama ngozi. Akageuka. "Mzee Randa?"

Mzee Randa akajikuna shingo. "Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka, bosi."

"Kulikuwa na cha kuchekesha?"

Mzee wa watu akatafuta mahali pa kuweka macho, akakosa. "Hapana. Nilicheka tu."

"Bosi, ulikuwa utani," akasema Bunduki, na sauti ilikuwa imeanza kupungua upana. "Hata mjomba wake alikuja hapa, akaniombea dua. Mbele ya watu wote. Angekuwa na kinyongo angeniombea dua?"

Mnaona jinsi mjomba alivyosaidia. Alikwenda kuwa simba, akaishia kuwa shahidi wa upande wa pili.

"Mjomba wangu alikuwa amekwama ndani ya sofa," akasema Sindano. "Mtu aliyekwama humwombea dua yeyote anayemvuta."

Mtu mmoja akacheka, na safari hii hakuwa Mzee Randa. Bosi hakucheka. Akaikunja ile ngozi taratibu. "Huyu haondoki kwenye cherehani," akasema. "Nyuma ya kiti chake hapapiti mtu kuanzia leo, zungukeni meza. Na wewe, siku nikisikia tena mkono au mdomo, unaniwekea hiyo bunduki mezani na unakwenda. Ukitaka kwenda sasa, umesema ama yeye ama wewe, mlango uko wazi."

Bunduki akautazama mlango. Mbele yake lilikuwa sofa la rangi mbili na nyuma ya sofa njia nzima ya kwenda kutafuta kazi. Hakusogea.

"Basi mtaivua hii mahameli na kuivisha upya, pamoja," bosi akasema. "Mtasemezana maneno ya kazi."

"Nitasema," akajibu Sindano. "Ila aniombe radhi kwanza. Hapa hapa mbele ya waliocheka, si pembeni."

Bosi akavuta kiti, akaketi, akasubiri.

Hapa ndipo penyewe, wasomaji wangu, na kama mnashika kikombe kiwekeni chini. Bunduki alifungua mkanda wake, akaiweka ile bunduki sakafuni, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi la mbao. Machozi yakamtoka, yakatiririka hadi sponji iliyokuwa karibu ikalowa, ikabidi ianikwe. Mlangoni walikuwa wamejaa watu zaidi ya mia, wengine wamepanda juu ya bati, na Mzee Randa analia kuliko wote, na mpwa wangu akanyanyua mkono kama malkia, karakana ikawa kimya, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mtaa wa...

"Mjomba, mia gani?"

Yuko nyuma yangu, ametoka kazini sasa hivi, hata mkoba hajautua, anasoma juu ya bega langu.

"Pale mlangoni watu watatu hawaenei. Na hakupiga magoti wala hakulia. Alisimama, akaniangalia mimi, hakumwangalia bosi, akasema, 'Nilikukosea, nisamehe.' Akasema kwa sauti, wote wakasikia. Andika hivyo, mjomba. Alisimama."