Edinah na sumaku inayoopoa funguo visimani

Saa moja na nusu asubuhi, Edinah Sitati amepiga magoti kando ya kisima mtaani Section 58, Nakuru. Kamba ameizungusha kiganjani, macho ameyafumba.

"Macho hayana kazi huku," anasema. "Mimi naona na vidole."

Mbele yake amesimama Mahesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, uso wake ukiwa wa mtu ambaye hakulala. Jana jioni aliinama kuangalia kama pampu inavuta maji, shada la funguo likachomoka kwenye mfuko wa shati. Tubwi! Mmoja ni wa kabati la chuma lenye sari ya hariri ya marehemu mama yake. Binti yake, Avni, anaolewa leo saa nane akiwa ndani ya sari hiyo.

Fundi wa kukata kabati yuko langoni na mashine yake.

"Cheche moja tu, hariri imekwisha," Mahesh analalamika.

"Papa, basi nitaolewa na dera," Avni anamchokoza, ingawa macho yake yamelowa.

Kabla ya kuteremsha sumaku, Edinah huuliza kila mteja swali lile lile.

"Mzee, hizo funguo ni za chuma ama shaba?"

"Chuma! Nauza chuma miaka thelathini, nitakosa kujua funguo zangu?"

Sumaku, pana kama kisahani cha kikombe, inazama. Inarudi na mnyororo wa baiskeli. Inazama tena, inarudi na kijiko.

"Kijiko cha mama!" Mahesh anapaza sauti. "Na vile tulimlaumu shemeji miaka kumi!"

Edinah, mwenye umri wa miaka 36, alikuwa akiuza sukuma wiki. Miaka mitatu iliyopita ufunguo wake mwenyewe ulianguka kisimani kwenye ploti anakoishi na binti yake, Natasha. Fundi wa redio akampa sumaku ya spika iliyopasuka ya kanisa.

"Nilipoutoa tu, jirani akaleta shida ya ndoo yake. Nikajiambia, Mama Natasha, umepata kazi."

Kisima ni shilingi 800. Shimo la choo ni 2,000, "na hapo usiniombe nipunguze." Wiki nzuri humpa kama 4,000. Wiki mbaya hurudi kwa sukuma wiki zake.

Mara ya sita, kidole chake kinashtuka. Havuti kwa pupa. Anapandisha kamba taratibu, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala.

Funguo zinatokea zikining'inia, zikidondosha maji. Avni anapiga kigelegele. Fundi anafungasha mashine yake.

Edinah anazitazama, anacheka.

"Mzee wa chuma! Funguo zako ni shaba tupu. Sumaku imeshika hiki kifungua soda peke yake."

"Nilimwekea hicho kwenye shada nikiwa darasa la tatu," Avni anasema. "Kila siku anataka kukitoa!"

"Kinanitoboa mfuko," Mahesh anajitetea, akikipangusa kwa shati. Hakitoi tena.

Edinah analipwa, anafungiwa ladu tamu za arusi za kupelekea Natasha, na anaalikwa arusini. Lakini akili yake iko Elburgon, kwenye kisima cha wazazi wake. Akiwa na miaka tisa, aliangusha humo spana kubwa ambayo baba yake, fundi wa reli, aliithamini kuliko zote.

"Hakunichapa. Alisema tu, 'Haya, imepata nyumba.' Sasa ana miaka 74, na bado ananitania nayo."

Sumaku yake imeshaigusa mara mbili, ikaiinua, ikaiachia katikati. Yenye nguvu zaidi ni shilingi 12,000, na ameshaweka 9,500.

"Kufikia Agosti nitakuwa nayo," anasema, akikunja kamba. "Nitaitoa hiyo spana, niipanguse, niiweke mezani mbele ya mzee. Nitajimiminia chai, nimwangalie."