Aliyejua Tunaimba Nini

Amekufa yule mama wa Igogo aliyerudi kutoka Kuba na cheti cha mifugo na Kihispania safi mdomoni. Malaria, wamesema, na siku hizi kila anayekufa ni malaria. Tumemzika Jumamosi. Tulipokuwa tunatupa udongo, kibanda cha kanda ng'ambo ya barabara kilikuwa kinapiga wimbo uleule wa Kihispania uliomponza. Watu wakatikisa vichwa kwa utamu. Mimi sikutikisa changu, maana pale makaburini niliyejua maneno yale yanasema nini nilikuwa mimi peke yangu, na aliyenieleza yumo sandukuni.

Serikali ilimsomesha, kisha soko lilipofunguliwa ikampunguza kazini. Akawa anauza chapati kwenye lango la kiwanda kimoja cha minofu, ambako mdogo wangu wa kike alikuwa anakata sangara. Fundi wa majokofu, mgeni aliyezaliwa na Kihispania, ndiye aliyewaletea wasichana ile kanda. Kwetu Usukumani kazi bila wimbo ni kifungo, kwa hiyo wakaiimba kisu mkononi, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, kama mama zetu walivyoimba jembeni. Mwenzao mmoja alipokaribia kuagwa kwao aolewe, wakaamua kumwingiza ukumbini kwa wimbo huohuo. Mdogo wangu ndiye atakayetoa. Fundi naye kaalikwa, anakaa meza ya mbele.

Walifanyia mazoezi uani kwangu, Mabatini. Yule mama akapita na beseni lake kichwani, akasimama. "Zimeni hiyo redio!"

"Shikamoo mama. Si wimbo wa mapenzi tu?" akauliza mdogo wangu.

"Marahaba. Mapenzi gani? Hayo ni matusi ya vilabuni. Anayetoa hapo anajinadi kwa mwanamume yeyote anayemsikiliza. Ukifungua kamusi utakuta matunda na wanyama. Mimi nimelala bweni moja na wenye lugha yao, matunda hayo nayajua."

"Chapati zimedoda leo, anatutafutia dhambi!" akadakia mmoja, wakaangua kicheko.

Nikamwambia mdogo wangu auache. Akanijibu, "Dada nawe! Nani Mwanza hii anajua Kihispania?"

"Huyo aliyewaletea," akasema mama, akaenda zake.

Wakauimba. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi, na ukumbi mzima ukampigia makofi kwa kufurahi. Jumatatu akamwita mdogo wangu chumba cha barafu, akamrudishia maneno yale moja moja huku anamshika kiuno, kama mtu anayedai walichokubaliana. Fundi akala kofi la glovu iliyolowa maji ya samaki. Aliyefukuzwa kazi ni mdogo wangu. "Si aliimba mwenyewe mbele ya watu?" meneja akaniambia nilipokwenda kuuliza, mtu mzima, Mtanzania mwenzangu, anazungusha kalamu.

Nikamwendea yule mama, akatua beseni akanifuata palepale. Aliingia ofisini kwa meneja, fundi naye yumo, na kanga yake imejaa unga, akautafsiri wimbo mzima kwa Kiswahili, hakuruka kitu. Fundi akawa mwekundu kama nyanya. Na meneja? "Mama, huna adabu," akasema. Naam! Aliyeyaleta matusi ni mtaalamu, aliyeyafasiri hana adabu. Kesho yake walinzi walimfukuza langoni, na hakupata tena mahali pazuri pa kuuzia.

Nimeishia kidato cha nne, sijui uchumi. Ninachokiona ni ndege zinaondoka na minofu, sisi tunabaki kugombania vichwa vya samaki, na chochote kinachoshuka humo tunakipokea kwa vigelegele. Mlango umefunguliwa, sawa. Lakini hata mgeni wa usiku huulizwa jina kabla ya kupewa kiti, na mambo haya hatuyaulizi. Tunacheza kwanza. Maana yake tunaijua siku mtu anapokuja kudai. Na anayethubutu kutuambia mapema tunamcheka, halafu tunamnyang'anya lango.

Wazazi, ulizeni. Ulizeni mtoto anaimba nini, kanda imetoka kwa nani, na huyo aliyeileta anacheka nini. Mnipe sifa mbaya mkitaka, mimi naanza nyumbani kwangu. Jana binti yangu katoka dukani na wimbo mpya, si ule, mwingine wa lugha ileile, anauimba anaosha vyombo, na sauti yake nzuri kama ya mama yake mdogo. Nimeusikiliza hadi mwisho. Sijui unasema nini. Wa kumuuliza tumemfukia Igogo.