Msichana Asiye na Alama za Vidole

Juzi, kwenye duka la kusajili laini za simu pale Ngarenaro, mbele yangu alisimama binti wa miaka kumi na minane akimsomea mwenzake hadithi aliyoiandika kwenye daftari. Msichana roboti ametoroka kiwandani, kajificha Ngaramtoni. Wanaomsaka wanapima vidole vya kila msichana sokoni, maana yeye hana alama.

"Watamkamata?" mwenzake aliuliza, mguu hautulii.

"Subiri," akajibu, na zamu yake ikafika.

Akaweka kidole gumba. Mashine ikagoma. Akajaribu vyote kumi, ikagoma.

Mhudumu akacheka. "We dada, una uhakika wewe ni mtu?"

Foleni nzima ikacheka. Binti akawa anajifuta vidole kwenye sketi, anajifuta tena. "Kaka, chuo wanatuma ujumbe leo. Bila kurudisha laini yangu iliyopotea nakosa nafasi."

Mama mmoja nyuma yangu akamshika mkono, akaugeuza. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Umemenya ndizi?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, za kipaimara cha mdogo wangu. Tangu jana."

"Ni utomvu huo umeziba alama. Leteni mafuta ya kula!"

Muuza chipsi wa jirani akaleta. Mama akamsugua kidole kwa kidole, na mashine ikakubali.

Nikafuata mimi. Kidole changu kikasomeka mara moja. Mwaka huu sijamenya hata chungwa, lakini mashine haikusita kunipitisha kuwa mtu. Tangu siku hiyo sina raha, nawaza inatumia kipimo gani.