Nusu ya Pili

Mbao za paina zikiwa mbichi hunuka utomvu, harufu kali ya kupanda puani, na ikishaingia kwenye gauni hata ulifue vipi haitoki. Mimi niliingia sinema kwa mara ya kwanza nikinuka hivyo. Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha mbao Mafinga, na katika likizo ya mwezi wa sita, nilipokuwa na miaka kumi, kila Jumamosi alipeleka mzigo Iringa. Mama na mimi tulipanda naye mbele, mimi katikati, nimekunja miguu ili kuipisha gia. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya misitu na baridi ilikuwa ya kukata masikio, lakini mle ndani injini ilitupasha joto mpaka tukasinzia. Tulilala kwa shangazi yangu, dada yake Baba, mtaa wa Miyomboni, na Jumapili tukarudi nyumbani. Watu wakiniuliza leo mapenzi yangu ya picha yalianzia wapi, wanategemea nimtaje mwigizaji fulani au picha fulani maarufu. Yalianzia kwenye lori, na yalianza kwa hasira.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza, kwa sababu Mama hakukubali mtu aone picha kabla ya kumwona Mungu. Tukitoka kanisani tulinunua karanga za kukaanga, tukaingia kwenye foleni ya onyesho la saa nne. Jengo la sinema lilikuwa la matofali, na ukutani kwa nje palichorwa nyuso za Wahindi, kubwa kuliko nyumba yetu. Ndani mlikuwa na giza, moshi wa sigara, mabenchi mbele na viti nyuma. Sisi tulikaa mabenchini. Kisha ile mashine ya nyuma ilianza kutatarika, mwanga ukapita juu ya vichwa vyetu, na mimi nikasahau kutafuna karanga zilizokuwa mdomoni. Kihindi hatukukijua hata mmoja wetu, wala hakuna aliyekihitaji. Stelingi, yule shujaa wa picha, alijulikana akitokea tu, na adui alijulikana kwa anavyocheka.

Picha iliyonikamata ilimhusu binti mmoja ambaye baba yake anasingiziwa wizi usiku wa kuamkia harusi yake. Askari wanamchukua mzee mbele ya wageni, chakula kinamwagika, bwana harusi anasimama tu kama mti. Binti anavua mapambo yake yote isipokuwa bangili, anatembea peke yake kwenye mvua mpaka nyumba ya hakimu, anapanda ngazi, anainua mkono kugonga mlango. Mkono ukiwa hewani hivyo, bangili zikimeremeta, picha ikakatika, taa zikawaka. Mapumziko. Watu wakainuka kununua chai na maandazi. Baba naye akainuka, akavaa kofia yake.

"Haya, twendeni," alisema. "Saa nane isitukute njiani."

Hapo inabidi nieleze, maana wajukuu zangu nikiwaambia wanadhani natunga. Miaka ile mafuta yalikuwa shida, na serikali ilipiga marufuku magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Lori la Baba halikuwa na kibali. Ili tufike Mafinga kabla ya saa hiyo ilitupasa kuondoka Iringa kabla ya saa sita, na saa sita ndiyo kwanza nusu ya pili ilikuwa inaanza. Baba angekamatwa barabarani, lori lingezuiliwa na yeye angepoteza kazi. Niliyajua hayo yote, kwa sababu nilielezwa kwa upole na mara nyingi. Lakini kuelewa hakukunisaidia chochote. Nilitoka kwenye ule mlango wa sinema nikiwa nimevimba, jua likiniumiza macho, huku nyuma yangu nikisikia watu wakirudi kukaa na wimbo ukianza. Nilimchukia kila aliyebaki ndani.

Njiani, tulipofika Ifunda, Mama akanigusa bega. "Sasa unadhani nani atafungua ule mlango?" Baba akaniangalia kidogo, akarudisha macho barabarani. "Tuambie basi, mwanangu. Kilima hiki kirefu." Nikaanza, kwanza kwa kununa, kisha maneno yakaja yenyewe. Nikasema mlango ulifunguliwa na mama wa hakimu, kikongwe, ambaye zamani aliwahi kuokolewa mtoni na baba yake yule binti. Alizitambua bangili alizompa mzee yule kwa shukrani. Alimwamsha mwanawe, akamwambia avae joho lake. Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na Baba akasema, "Safi kabisa." Kuanzia siku ile ikawa desturi. Picha ile ilivutia watu, ikarudiwa Jumapili iliyofuata na nyingine tena. Sisi tuliiona nusu ileile, tukatoka pale pale mkono ulipoinuka, na njiani nikatakiwa nieleze upya mwisho wangu. Kila mara niliongeza kitu. Na kila mara nilizidi kukereka, kwa sababu nilijua kwamba mwisho wa kweli upo, umekunjwa kwenye mkebe wa bati pale Iringa, na watu wasionizidi kitu wanauona huku wakinywa chai.

Wiki ya mwisho ya likizo nililia mpaka nikapata homa. Baba akashindwa. Akakubali nibaki kwa Shangazi, nione picha mpaka mwisho, nipande basi la alfajiri Jumatatu. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo. Niliagana na wazazi kwenye lori, nikakimbilia foleni na Shangazi. Nusu ya kwanza niliitazama kama mtu anayepika huku anasikia njaa. Mkono ukainuka. Taa zikawaka. Safari hii nilibaki nimekalia mikono yangu benchini, naangalia kitambaa cheupe.

Taa zikazimwa, mashine ikatatarika, na pale mbele wakatokea tena wageni wa harusi wakila.

Watu walidhani ni makosa. Wakapiga miluzi, wakapiga mabenchi. "Tunataka mwisho! Mwisho!" Mwenye jumba akaja mbele, jasho linamtoka kwenye baridi ile, akaeleza kwamba mkanda ule ulikuwa mmoja kwa Iringa na Mbeya, miji yote miwili. Mikebe yote ilikwenda kuonyeshwa Mbeya katikati ya wiki, ya nusu ya kwanza ikarudi, lakini basi lililokuwa linairudisha ya nusu ya pili lilikuwa limeharibika Makambako. Kwa hiyo tustahimili, tutazame tena nusu ya kwanza, na kesho jioni kila mwenye kipande cha tiketi ataingia bure kuona mwisho.

Kesho jioni. Nilimshika Shangazi sketi nikamsihi mbele ya watu. Shangazi alikuwa mwanamke mpole, aliyeweza kukugawia hata mto wake wa kulalia, lakini alimwogopa kaka yake.

"Baba yako kasema alfajiri, mama. Shule inafunguliwa. Mimi sitaki maneno na kaka yangu."

"Shangazi, ni jioni moja tu!"

"Ndiyo maana nasema, jioni moja tu, itapita."

Alfajiri nilipandishwa basi, kipande cha tiketi nimekikunja ndani ya soksi. Likizo iliyofuata tulipokwenda tena Iringa, ukuta wa sinema ulikuwa umechorwa nyuso nyingine. Sikujua hata jina la ile picha, kwa kuwa liliandikwa kwa herufi nisizozijua.

Tangu hapo sijawahi kutoka kwenye picha yoyote kabla haijaisha. Nilipopata kazi Mbeya nilikuwa napeleka nusu ya mshahara wangu mlangoni mwa sinema mpaka sinema zenyewe zikafa na jengo likageuzwa ghala. Nimetazama picha za zamani zisizo na rangi wala sauti, za Wajapani na za Warusi, na hizi za vijana wetu za sasa ambazo mwisho wake mtu anauona tangu mwanzo. Nakaa mpaka majina ya watu yamalizike kupanda, wanangu wanadhani nimelala. Ila wajukuu wananitia wazimu. Wana picha zote za dunia kwenye simu, na hakuna hata moja wanayoifikisha mwisho. Dakika tatu, kidole kinapita, nyingine. Nikiwagombeza wanacheka.

Mmoja wao ndiye aliyeipata ile picha yangu. Tumaini, binti wa mwanangu mkubwa, alinisikia nikiimba jikoni kipande cha wimbo wa harusi ya ile picha, akaniwekea simu mdomoni isikilize, na kabla ugali haujaiva akaniambia, "Bibi, hii hapa." Baba naishi naye sasa, ni mzee sana, Mama hayupo. Jioni ile tukakaa mbele ya televisheni sote watatu. Wageni wakala, mzee akachukuliwa, mvua ikanyesha. Binti akapanda ngazi, mkono ukainuka, na Baba akapapasa kiti, akashika kofia yake, akasimama.

"Haya, twendeni," alisema. "Saa nane."

"Baba, kaa chini!" Nilipiga kelele mpaka Tumaini akaangusha kikombe. Sijui Baba alikuwa anatania au umri ndio ulimrudisha kule. Alikaa.

Binti hakugonga. Bwana harusi alifika akikimbia, akamshika mkono ukiwa bado hewani, akakiri kwamba aliyeiba ni mjomba wake. Wakaimba. Mlango ule haukufunguliwa kabisa. Baba akasubiri, akageukia kwangu.

"Na yule mama wa hakimu?"

"Hayupo, Baba. Nilimtunga mimi."

"Basi wamekosea," akasema. "Mwisho wako ulikuwa bora."

Tumaini akanikumbatia, akasema ni vizuri basi kwamba hatukubaki siku ile ya kwanza, maana nisingejua kutunga. Kila mtu huniambia hivyo, na husema kwa nia njema. Baba alikuwa anatabasamu, nami nikamwekea kofia yake mezani, nikamfunika miguu. Sikutaka kuwavunja moyo. Lakini mimi sikutaka kutunga. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa benchini nikinuka paina, na nilichotaka ni kubaki.